Mwenzetu wa darasani aliyefia jeshini, na kile ambacho mama yake hakuwa nacho

Mleta uzi

Ndugu zangu, jambo hili nimekaa nalo moyoni kwa zaidi ya mwaka mmoja, na leo nimeona niliandike lote kwa utulivu. Tulisoma shule ya bweni na kijana ambaye baadaye alijiunga na jeshi, akapelekwa nje ya nchi na kikosi cha kulinda amani cha Umoja wa Mataifa, na huko akauawa usiku, kambi yao iliposhambuliwa. Familia yake imeniruhusu kusimulia habari zake, ila imeomba jina lake lisiandikwe humu. Nitamwita mwenzetu, na waliosoma nasi watamtambua kabla ya kufika katikati ya maelezo haya.

Mimi nilikuwa kiranja wa darasa. Kila jioni, kabla ya masomo ya usiku kuanza, nilisimama mbele na daftari la mahudhurio nikaita majina 42, na kila aliyeitwa alijibu "nipo", nami nikaweka alama ya vema. Mwenzetu alikuwa na kigugumizi kizito, hasa katika kuanza neno. Neno hilo, ambalo sisi tulilitamka bila hata kuinua macho kwenye kitabu, yeye lilimkwama kooni mpaka mishipa ya shingo ikamsimama, huku darasa zima likimsubiri. Kisha, katikati ya muhula wa kwanza, akaacha kulihangaikia. Nilipolifikia jina lake aligonga dawati mara mbili kwa kidole alichokikunja, nami nikaweka alama na kuendelea na jina linalofuata. Mwalimu mmoja wa zamu aliwahi kunisimamisha akaniuliza kwa nini namhesabu mtu ambaye hajajibu. Nilimwambia kwamba amejibu. Tuliishi hivyo miaka minne, na baada ya muda hakuna aliyeliona tena kuwa jambo la ajabu. Ndiyo ilikuwa sauti yake.

Habari ya kifo chake ilinifikia asubuhi kupitia kundi la simu la wanafunzi wa zamani. Mtu alikuwa ameweka picha yake akiwa amevaa sare, pamoja na maneno machache ya masikitiko. Dakika chache baadaye salamu za pole zilikuwa zimejaa, na yangu ilikuwa miongoni mwa zile za mwanzo: niliandika jina lake kamili, nikaitaja shule, nikamwombea pumziko jema. Kumbe mdogo wake wa kike alikuwamo katika kundi hilo, maana naye alisoma pale miaka michache baada yetu. Alizisoma pole zetu akiwa ndani ya basi, saa kadhaa kabla maofisa wa jeshi hawajafika nyumbani kwao. Alishuka kituo ambacho hakikuwa chake, akampigia mama yake simu na kumuuliza kama kuna habari yoyote iliyofika kutoka kwa kaka. Hivyo ndivyo mama alivyojua: kwa swali la binti yake, lililotokana na pole niliyoiandika mimi.

Sikuwa na nia mbaya, wala wenzangu hawakuwa nayo. Hata hivyo, haraka yetu ya kuonyesha kwamba tumeguswa ilimnyima mama yule haki ya kuambiwa na mtu aliyesimama mbele yake, mtu ambaye angeweza kumshika mkono miguu ikimwisha nguvu. Nimemwomba binti yule msamaha na amenisamehe, lakini kile kituo cha basi bado nakifikiria, ingawa sikukiona.

Maziko yalikuwa ya kijeshi, nami sina la kuyalaumu. Jeneza lilifunikwa bendera, wenzake walilibeba kwa hatua zinazolingana, risasi za heshima zikapigwa na tarumbeta ikalia. Kisha ukasomwa wasifu: namba yake ya jeshi, cheo chake, kozi alizohudhuria, vituo alivyohamia na tarehe za kuhamia. Ulikuwa umeandikwa kwa uangalifu mkubwa. Ila palikuwa na sentensi moja iliyosema kwamba marehemu hakuijua hofu maishani mwake, na iliposomwa niliwaona wale waliolala naye bweni moja wakitazamana.

Mwenzetu aliogopa radi. Mvua ya usiku ilipoanza alishuka kitandani, akavaa viatu, akafunga kamba zake, na kukaa ukingoni mwa kitanda hadi ngurumo ziishe, kama mtu ambaye wakati wowote ataambiwa akimbie. Asubuhi tulimkuta amelala vilevile na viatu. Nayasema haya bila kumpunguzia heshima hata chembe. Yule aliyekaa na viatu miguuni kwa sababu ya ngurumo, kisha akiwa mtu mzima akachagua kwa hiari yake kazi ambayo vishindo ni sehemu ya siku, ndiye niliyemjua. Wakimwondolea hofu yake, wanamwondolea pia kila kitu alichokifanya juu ya hofu hiyo, na anayebaki ni mtu ambaye sikuwahi kulala naye chumba kimoja.

Kuna habari ya zamani ya jeshi la Ufaransa ambayo nimeirudia mara nyingi tangu siku ile. Askari aitwaye La Tour d'Auvergne aliuawa vitani mwaka 1800. Kikosi chake hakikulifuta jina lake katika orodha. Majina yalipoitwa, lake nalo liliitwa, na askari mwingine alijibu kwa niaba yake kwamba amekufa katika uwanja wa heshima. Waliendelea kufanya hivyo mpaka mwaka 1814. Nilipoisoma kwa mara ya kwanza niliwaza moja kwa moja daftari letu.

Miezi mitatu baada ya maziko tulikutana watu 11 wa darasa lile, na mmoja wetu akapendekeza niite majina kama zamani. Nilikuwa bado nayakumbuka kwa mpangilio wake. Nilipolifikia lake nililitamka, nikanyamaza, na hakuna aliyegonga meza. Ninawashukuru wenzangu kwa hilo hadi leo, kwa sababu kule kugonga kulikuwa kwake peke yake. Tukakaa kimya kwa muda ule ambao angehitaji kulisema lile neno, kisha nikaita linalofuata.

Wiki iliyofuata tulikwenda watatu kumwona mama yake. Alituonyesha medali aliyokabidhiwa, ile inayoitwa kwa jina la Dag Hammarskjöld, Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa aliyekufa katika ajali ya ndege karibu na Ndola mwaka 1961 akiwa safarini kutafuta amani ya Kongo. Baraza la Usalama liliianzisha mwaka 1997 kwa ajili ya wanaopoteza maisha katika shughuli za kulinda amani. Si medali ya kuning'iniza kifuani. Ni kioo kizito chenye umbo la yai, kimechongwa jina la marehemu na tarehe ya kifo chake. Mama alikuwa amekizungushia kitambaa laini, na alipokifungua alikishika kwa mikono miwili kama kitu chenye joto.

Halafu akaanza kutuuliza maswali, na hakuna hata moja lililohusu jeshi. Alitaka kujua alilala upande gani wa bweni, nani alikuwa rafiki yake, kama alikuwa akiugua mara kwa mara, na kwa sauti ya chini akauliza kama yale maneno yake yalimsumbua sana huko shuleni. Alituambia kwamba alimpeleka bwenini akiwa na miaka 13, akawa anampata wakati wa likizo tu, na alipomaliza shule hakukaa nyumbani hata mwaka mmoja kabla ya kwenda jeshini. Jeshi lilikuwa limemletea miaka yake ya jeshini, imeandikwa na kupigwa muhuri. Ile ya shuleni hakuna aliyewahi kumletea.

Nikamweleza habari za kuita majina. Nikagonga mkono wa kiti cha mbao nilichokalia, mara mbili, kama alivyokuwa akigonga mwanawe. Mama akanitazama kwa muda, akasema, "Rudia, mwanangu." Nikarudia. Aliniomba mara tano au sita, na mara ya mwisho alikuwa amefumba macho.

Hilo ndilo lililonifanya nianzishe uzi huu. Wengi wetu tuna mwenzetu wa namna hii, na tunapomkumbuka huwa tunarudia yale ambayo jeshi limekwisha kuyaandika vizuri kuliko sisi, cheo, ushujaa, bendera, ilhali mikononi mwetu tunacho kitu kingine ambacho hakimo katika jalada lolote. Tunakiweka kwenye kundi la simu, watu wanaweka alama za machozi, na kesho yake kimefunikwa na mazungumzo mengine. Kwa nini tusikipeleke kwa mama yake? Ningependa kuwasikia waliosoma na mwenzetu, na pia waliowapoteza wenzao kwa namna hii.

Aliyekaa naye dawati moja

Ndugu kiranja, nimekutambua katika aya ya pili, na mwenzetu nilimtambua kabla ya hapo. Umeandika kwa haki, lakini kuna jambo hulijui, kwa sababu wewe ulikuwa umesimama mbele.

Aliyegonga dawati mara ya kwanza nilikuwa mimi. Ilikuwa jioni ya wiki ya tano au ya sita. Wewe uliita jina lake, yeye akaanza kuhangaika na lile neno, na mimi nilikuwa nimechoka, nina njaa, nataka uendelee ili nifungue daftari langu. Nikagonga dawati mara mbili kwa nguvu, kwa maana ya "yupo, pita", na watu wa nyuma wakacheka. Nilimkejeli. Sitafuti neno jingine la kuliita jambo hilo. Yeye hakuniangalia jioni ile. Kesho yake ulipoliita jina lake, kabla sijafanya lolote, aligonga mwenyewe, mara mbili, taratibu, halafu akanigeukia na kunitazama usoni. Hakuwa na hasira. Alikuwa kama mtu aliyeokota kitu ulichomtupia, akakifuta vumbi, akakitia mfukoni.

Tulikaa dawati lile miaka minne na hatukuwahi kulizungumza. Niliambiwa mara nyingi, na watu wasiojua, kwamba ilikuwa hekima kubwa kumbunia kijana yule njia ya kujibu, nami nikanyamaza, na kunyamaza kwangu kukawa kama kukubali sifa. Maziko yake nilihudhuria nikasimama nyuma kabisa. Ukisema kwamba mama alikuomba urudie mara tano au sita, mimi ninayesoma hapa nashindwa kukaa.

Askari mstaafu

Poleni sana. Sikuhudumu na mwenzenu, wala sikifahamu kikosi chake, lakini nimevaa sare miaka mingi na nimewahi kuwa mmoja wa wawili waliotumwa kubisha hodi mlangoni kwa mtu. Naomba niongeze machache.

Kuhusu habari kuwafikia watu kabla ya familia: majeshi mengi yana utaratibu wa kumtambua kwanza ndugu wa karibu ambaye askari mwenyewe alimwandikisha, kisha kumpelekea habari ana kwa ana, na jina halitangazwi hadharani mpaka hilo liwe limefanyika. Utaratibu huo umetokana na makosa ya zamani. Katika Vita vya Kwanza vya Dunia, familia za maofisa wa Uingereza zilipelekewa telegramu, na familia za askari wa kawaida zikapata fomu iliyochapishwa, iliyojazwa jina kwa mkono na kutumwa kwa posta. Miaka ya karibuni tatizo limekuwa simu. Waingereza walipokuwa Iraki na Afghanistan walikuwa wakifunga simu na intaneti za askari kambini kila mwenzao alipouawa au kujeruhiwa vibaya, na kuzifungua tu familia ilipokwisha kuambiwa. Waliita hatua hiyo Operesheni Minimise. Utaona basi kwamba wanajeshi wenyewe, wenye nidhamu yao yote, hawakuaminiwa kuizuia mikono yao katika saa kama hizo. Mleta uzi, kosa lako ni la kibinadamu, na ni vyema umelisema ili mwingine asubiri.

Nilipobisha hodi ile, mama aliyefungua alituona tukiwa na sare akafunga mlango tena. Tulisubiri nje kama dakika kumi. Hatukugonga mara ya pili. Alipofungua alikuwa amejifunga kitambaa kichwani na amevaa viatu. Nimeyakumbuka hayo niliposoma habari ya viatu vya mwenzenu.

Kuhusu hofu, umesema kweli. Sijawahi kuongoza askari asiyeogopa, na kama ningempata ningeomba ahamishwe, kwa sababu angewaua wenzake.

Jambo la mwisho. Katika mawasiliano ya redio, askari akiwa mahali ambapo sauti inaweza kumponza, hubonyeza kitufe cha kusemea mara mbili bila kutamka neno, na anayemsikiliza upande wa pili husikia mikwaruzo miwili mifupi na kuelewa kwamba ujumbe umefika. Ni desturi inayojulikana katika majeshi mengi. Nimeandika kwa sababu, nilipofika kwenye lile dawati lenu, niliusikia mlio huo masikioni.

Msomaji mgeni

Samahani kwa kuuliza. Mleta uzi amezungumza sana juu ya jina kuitwa, na mfano wa Ufaransa ni wa jina ambalo halikufutwa. Je, si kinyume kumkumbuka mtu hapa bila kumtaja jina?

Mleta uzi

Swali lako ni la haki, na nililijadili na familia kabla sijaandika. Jina la mwenzetu limechongwa mahali pake, na wanaolihitaji wanalijua. Humu ndani linaweza kunakiliwa na mtu yeyote, likabandikwa kwenye picha isiyo yake, likatumiwa katika mabishano ya siasa kuhusu vita ile, na mama yake akaletewa hayo na watoto wa jirani. Nimewahi kuliandika haraka mara moja. Safari hii nimesubiri kuruhusiwa, na sikuruhusiwa.

Kwa wewe uliyekaa naye dawati moja: nimesoma ulichoandika mara tatu. Nitakujibu, ila nipe muda.

Mwalimu wa historia

Nimeufuata uzi huu tangu ulipoanza, na ningependa kuongeza kidogo juu ya hilo la majina, kwa kuwa msomaji mgeni ameligusa na kwa kuwa lugha yetu yenyewe imebeba ushahidi ambao huwa tunaupita bila kuutazama.

Pale Ypres, nchini Ubelgiji, kuna lango liitwalo Menin lililozinduliwa mwaka 1927, na kuta zake zimeandikwa majina zaidi ya 54,000 ya askari waliokufa katika Vita vya Kwanza vya Dunia ambao makaburi yao hayajulikani. Tangu mwaka 1928 tarumbeta hupigwa hapo kila siku saa mbili usiku, isipokuwa miaka ile ya Vita vya Pili vya Dunia mji ulipotekwa na Wajerumani. Mwili wa mmoja wao ukipatikana na kutambuliwa, huzikwa kwa jina lake, na jina hilo linaweza kuondolewa ukutani, kwa maana sasa ana mahali pake. Tume ya makaburi ya vita iliyoundwa na Waingereza mwaka 1917 iliamua pia kwamba mawe ya makaburi yafanane, ya jenerali na ya askari wa kawaida, na familia iruhusiwe kuongeza maneno yake chini ya jiwe, yasiyozidi herufi 66 pamoja na nafasi kati ya maneno. Nimewapa wanafunzi wangu zoezi hilo miaka mingi: mweleze mtu unayempenda kwa herufi 66. Wanaoanza na sifa huishiwa na nafasi upesi. Wanaoanza na kitu alichokuwa akikifanya huwa wanabakiwa na herufi.

Sasa tazameni upande wetu. Katika Vita hivyohivyo vya Kwanza, Waafrika wengi mno walichukuliwa kubeba mizigo ya majeshi katika Afrika Mashariki, na waliokufa kwa maradhi, njaa na uchovu wakawa wengi kuliko waliouawa kwa risasi. Kikosi chao kwa Kiingereza kiliitwa Carrier Corps, na midomo yetu ikakifanya kuwa Kariakoo. Jina la kikosi limebaki Dar es Salaam, na Nairobi likabaki kama Kariokor. Tunalitamka kila siku tukienda kununua na kuuza. Majina ya watu wenyewe hayakubaki. Sanamu za askari zilizosimamishwa katika miji ya Afrika Mashariki mwishoni mwa miaka ya 1920 zina maneno ya Kiswahili pia, yenye maana kwamba anayeipigania nchi yake, hata akifa, wanawe watalikumbuka jina lake, na hakuna jina hata moja la mtu lililoandikwa hapo. Mwaka 2021 tume ileile ya makaburi ilichapisha ripoti iliyokiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda wakafika 350,000, wengi wao wakiwa wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina yao, au hawakukumbukwa kabisa. Mwaka 2025 ilizinduliwa kumbukumbu Cape Town kwa ajili ya wafanyakazi wa vikosi vya kazi waliosahauliwa hivyo, zaidi ya 1,700, kila mmoja na nguzo yake ya mbao yenye jina lake. Ilichukua zaidi ya miaka 100.

Kwa hiyo, mleta uzi, nakubaliana na familia kuhusu humu ndani. Lakini daftari lile la mahudhurio, kama bado lipo shuleni, lisitupwe. Shule nyingi huchoma madaftari ya zamani zinapohitaji nafasi ya stoo, na hakuna anayelia kwa kuwa hakuna anayejua kilichokuwamo.

Aliyelala naye bweni moja

Nathibitisha habari ya viatu. Nilikuwa kitanda cha juu yake. Usiku wa radi kali niliwahi kushuka nikakaa naye, na yeye akaimba kwa sauti ndogo, bila kukwama hata mara moja. Katika kuimba hakuwa na kigugumizi. Sijui kama mama analijua hilo.

Mleta uzi

Mama hakulijua. Nimempigia simu jana jioni nikamweleza, kwa idhini ya aliyeandika, akanyamaza kwa muda mrefu, kisha akasema kwamba nyumbani hakuwahi kumsikia akiimba, kwa sababu likizo alipokuja alizungumza kidogo sana na wao walidhani ndivyo alivyo. Ameniuliza wimbo gani. Ndugu wa kitanda cha juu, tafadhali niandikie faragha, hata kama unaukumbuka kipande tu.

Nimewasiliana pia na shule. Madaftari ya miaka yetu yapo, yamefungwa kwa kamba stoo, na baadhi yameliwa na mchwa pembeni. La kwetu limepatikana. Karani aliyelitafuta amenitumia picha ya ukurasa wa muhula wa kwanza, na nimekaa nao usiku mzima. Jina lake ni la 17. Katika wiki tano za kwanza, kwenye mstari wake, kuna alama nne za sifuri, maana yake hayupo, na mwandiko ni wangu. Nilikuwa nimesahau kabisa. Jioni hizo alikuwa amekaa pale mbele yangu, lile neno likamshinda, nami nikakosa subira nikaandika kwamba hayupo. Nilieleza hapo juu jinsi nilivyomtetea kwa mwalimu wa zamu, na ni kweli nilifanya hivyo, lakini hizo sifuri nne nazo ni zangu, na zilitangulia. Shule imekubali kutupatia nakala ya ukurasa huo. Nimeamua kutozirekebisha.

Sasa kwako, ndugu wa dawati moja. Nilitaka kukuandikia maneno ya kukufariji na nikayafuta, kwa sababu hukuomba kufarijiwa. Nitasema tu nilichokiona nikiwa mbele: kijana yule alikuwa na nafasi ya kubadilisha dawati kila mwanzo wa mwaka, kama sisi sote, na mara tatu nilipoandika mpangilio mpya wa kukaa alinijia na kuonyesha kwa kidole jina lako.

Mama ameniuliza zaidi ya mara moja ni nani aliyemfundisha kugonga. Nilimjibu kwamba sijui, na wakati ule sikujua. Jibu hilo si langu kulitoa, nami sitalitoa. Nimemwambia tu kwamba yuko mtu anayelijua, na kwamba huenda akaja. Nitakwenda Jumamosi hii na nakala ya ukurasa. Nitakwambia muda tukizungumza kwa simu.

Aliyekaa naye dawati moja

Nitakuja. Naomba unisubiri nje, tuingie pamoja.